Vijana wa Kimulot Nao Wasikike Angani

Mara kwa mara wapenzi wa redio ya ridhaa kutoka Ulaya hufunga safari hadi Zanzibar, wakatundika antena zao ufukweni, wakazungumza kwa siku kadhaa na maelfu ya wenzao duniani, kisha wakafungasha na kurejea kwao. Nami huuliza: kwa nini kazi hiyo isifanywe na wanafunzi wetu wenyewe, tena huku bara, kwenye vilima vya majani chai vya Kimulot, katika Kaunti ya Bomet?

Mahitaji yake hayatishi. Kwa masafa ya megahezi 14, waya wa takriban mita 10, uliokatwa katikati na kuunganishwa hapo na kebo ya redio, ni antena kamili. Na mikaratusi inayopandwa kwa ajili ya kuni za viwanda vya chai ni milingoti iliyokwisha kusimama. Redio ya wati 100 huendeshwa kwa betri ya gari. Adui ni radi. Mkulima aliyezoea mvua ya mawe ya alasiri hahitaji kuambiwa kwamba wingu likitanda, kebo ichomolewe na kazi isimame.

Kazi kubwa ni kusikiliza. Makumi ya watu huita kwa pamoja. Mwendeshaji sharti aokote alama moja ya mwito katika ghasia hiyo, aitaje bila kukosea, aeleze nguvu ya mawimbi anayoyapokea, aandike saa na masafa daftarini, kisha ampishe mwingine. Mimi mwanaisimu naona hapa somo la matamshi na ufupi wa usemi ambalo darasa zetu hazina. Herufi hutajwa kwa maneno yaliyoanza kutumika kimataifa mwaka 1956, yaliyochaguliwa ili yasiwatatize wasemaji wa Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. (Mswahili atatabasamu akikuta humo Lima na Papa.)

Tangu redio iingie vijijini, mtoto wa mchuma chai ameijua kama chombo cha kumsemesha, yeye akiwa kimya. Kikwazo cha kwanza ni leseni, ambayo hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, na pasipo hiyo haturuhusiwi kurusha mawimbi. Hapo ndipo vyuo vikuu vinapodaiwa: idara za fizikia na za lugha ziwaandae walimu kupata leseni, nao wakaombe kibali cha kituo cha siku mbili pamoja na shule. Kila Oktoba maskauti wa dunia nzima hukutana hewani, desturi iliyoanza mwaka 1958. Oktoba ijayo shule moja tu ya Kimulot ijitokeze miongoni mwao, kwa alama ya 5Z4 inayoitambulisha Kenya.