Wazee Wetu Hawahitaji Sukari Tu

Jumapili ya nne ya Julai ni Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, iliyoanzishwa na hayati Papa Fransisko mwaka 2021. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini huwa ni kipupwe. Kuanzia Mufindi hadi Tukuyu tunawaita wazee mbele ya altare, tunawapa sukari, sabuni na blanketi, tunawapigia makofi, kisha wanarudi nyumbani kungoja Julai nyingine.

Sisemi blanketi ni baya. Anayeijua baridi ya Mufindi hawezi kusema hivyo. Lakini fungua Injili ya Luka sura ya pili. Nabii Ana alikuwa mjane wa miaka 84, wala hakukaa Hekaluni kungoja msaada. Alifunga, alisali usiku na mchana, na alipomwona Mtoto akaanza kuwaeleza watu habari zake. Alikuwa na kazi.

Na kuwatumikia wengine ni afya. Kule Baltimore, Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waliwafuatilia wazee wa miaka 60 na zaidi waliojitolea saa 15 kwa wiki kuwasaidia watoto wa shule za msingi. Waliutumia mwili zaidi, wakapunguza kukaa mbele ya televisheni, na wakapata watu zaidi wa kuwakimbilia wakati wa shida. Bibi anayepanda kilima kwenda kusali na mgonjwa wa Jumuiya yake anayapata hayo hayo, bila mtafiti.

Ndiyo maana inaniuma ninaposikia mzee katekista, au mama wa WAWATA, ameondolewa kwenye utume wake "ili apumzike", bila hata kuulizwa. Papa Fransisko alichaguliwa akiwa na miaka 76! Kwa hesabu za baadhi ya vigango vyetu, angekuwa ameshapewa blanketi lake.

Hata hivyo, tusimbebeshe kila mzee. Iringa, Njombe na Mbeya ni mikoa iliyoumizwa sana na Ukimwi, na wapo bibi wengi wanaolea wajukuu yatima. Huyo anatumikia tangu alfajiri. Ukimwongezea zamu ya kufagia kanisa, unammaliza. Kulea huko ndio utume wake. Tumpelekee vijana wakamchotee maji. Wala sala isichukue nafasi ya dawa ya presha. Mzee akose zamu ya Rozari, asikose kliniki.

Kwa hiyo paroko mwenzangu, na wewe mwenyekiti wa Jumuiya, kabla ya kununua sukari ya mwaka huu pita nyumba kwa nyumba, umuulize kila mzee angependa kufanya nini. Mmoja atasema awafundishe watoto wa Komunyo ya Kwanza, mwingine aongoze Rozari, mwingine akakae tu na mjane mwenzake. Na sehemu ya fedha ya sukari iwe nauli ya bodaboda kwa wale ambao magoti yao hayapandi tena kilima.