Swali Litangulie Kanuni

Katika kufundisha hesabu za uwiano wenye vitu zaidi ya viwili, walimu wengi huanza na kanuni. Sisi twaona kuwa kanuni yapasa kufuata, si kutangulia.

Tutwae mfano unaoeleweka Bugomora, mkoani Kagera, ambako mtoto huujua uchumaji wa kahawa kabla ya kuijua aljebra. Wachumaji 6 huchuma magunia 12 kwa siku 4. Je, wachumaji 8 watachuma magunia 20 kwa siku ngapi, ikiwa wote huchuma sawa?

Mwanafunzi aliyekariri huzidisha 4 kwa 20/12, kisha kwa 8/6, akapata siku karibu 9. Wala hashtuki. Yafaa aulizwe jambo moja moja. Kwanza, wachumaji wakibaki 6 na magunia yakiongezeka, siku zitazidi au zitapungua? Zitazidi: 4 × 20/12, yaani siku 6⅔. Pili, magunia yakibaki 20 na wachumaji wakiongezeka? Zitapungua, basi tuzidishe kwa 6/8. Jibu ni siku 5.

Kisha ahakikishe: mchumaji mmoja huchuma nusu gunia kwa siku, wachumaji 8 huchuma magunia 4, magunia 20 ni kazi ya siku 5.

Njia hii hula wakati, nacho kipindi ni kifupi. Lakini mtoto huyu kesho atapatana ujira shambani. Asiyeweza kulikataa jibu lisilowezekana atakubali hesabu yoyote atakayosomewa. Basi, ndugu mnaokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, andikeni ubaoni swali kabla ya kanuni.