Mishipa ya Mtoto Mwenye Kisukari Haingoji Akue



Mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza akishapata insulini, mwili ukamrudia na akaanza tena masomo, jamaa zake humshukuru Mungu na kuona kazi imekwisha. Shukrani hiyo ni ya haki. Kabla insulini haijaanza kutumika Toronto, Kanada, mwaka 1922, mtoto aliyepata ugonjwa huu hakuwa na muda mrefu wa kuishi. Hata leo wapo wanaofariki kabla ya kupimwa sukari, huku ikidhaniwa wana malaria au wamerogwa. Lakini kumwokoa na kifo ni nusu tu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kuilinda mishipa yake ya damu, na kazi hiyo huanza siku ileile anapogundulika.

Ndani ya kila mshipa kuna utando laini wa seli. Utando huo ndio unaoufanya mshipa utanuke damu ipite vizuri, na ndio unaoizuia damu isigande ovyo. Sukari ikikaa juu mwezi baada ya mwezi, utando huo hudhoofika, mshipa hushindwa kutanuka ipasavyo, kisha kuta zake hukakamaa na kunenepa. Watafiti waliopima mishipa ya shingo kwa altrasaundi wamezikuta dalili hizi kwa watoto wanaosoma na kucheza kama wenzao, wasiolalamika maumivu yoyote. Mshipa unaoharibika haumpi mtoto taarifa. Taarifa huja baadaye, ameshakuwa kijana anayetegemewa na familia, pale macho yanapofifia, figo zinaposhindwa kuchuja damu au moyo unapolemewa.

Kwamba madhara haya yanaweza kupunguzwa, tunajua tangu mwaka 1993. Mwaka huo yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika Marekani na Kanada kwa watu 1,441 wenye kisukari aina ya kwanza, wadogo kabisa wakiwa na miaka 13. Kundi moja lilisaidiwa kudhibiti sukari kwa ukaribu zaidi, kwa kujipima mara kwa mara na kurekebisha dozi za insulini. Kwa wale wa kundi hilo ambao macho yao yalikuwa bado mazima, hatari ya kuharibika kwa retina ilipungua kwa asilimia 76. Utafiti ulipokwisha, wote walifundishwa njia hiyo na viwango vyao vya sukari vikakaribiana. Hata hivyo, taarifa ya mwaka 2005 ilionyesha kuwa waliotunzwa vizuri mapema walikuwa na hatari ya magonjwa ya moyo na mishipa iliyo chini kwa asilimia 42 kuliko wenzao. Matunzo ya baadaye hayakuweza kufidia yote yaliyokosekana mwanzoni. Ndiyo sababu hatuwezi kusema tutawashughulikia watoto hawa nchi ikishakuwa na uwezo zaidi.

Viongozi wetu wameshatoa ahadi. Agosti 2022, mjini Lomé, nchi za Afrika zilipitisha mkakati wa PEN-Plus wa kusogeza matibabu ya magonjwa kama kisukari aina ya kwanza hadi hospitali za wilaya. Aprili 2024, Dar es Salaam ikawa mwenyeji wa mkutano wa kimataifa kuhusu mkakati huo. Ahadi hiyo itamfikia mtoto wa Nachingwea au Kibondo pale sisi Watanzania tutakapoidai. Naomba tudai na kutenda mambo manne.

Kwanza, vipimo. Kila kliniki inayohudumia watoto hawa iwe na mkanda wa presha unaowatosha. Mkanda wa mtu mzima kwenye mkono mwembamba husoma chini ya ukweli, na presha ya mtoto hupita bila kuonekana. Presha ipimwe angalau mara moja kwa mwaka, na wastani wa sukari kila miezi mitatu. Mtoto akifika miaka 11, akiwa ameishi na kisukari miaka kati ya 2 na 5, apimwe macho, na mkojo wake upimwe protini kila mwaka.

Pili, stripi za kupimia sukari. Mzazi asiye na stripi hukisia dozi, na kukisia huko ndiko kunakoiumiza mishipa. Madiwani na wabunge waziingize kwenye bajeti, na bima ya afya izilipie.

Tatu, shule. Mwalimu amruhusu mtoto kujipima, kujichoma sindano, kula kitafunwa kwa wakati wake na kwenda msalani anapohitaji. Asimtenge na michezo, kwa sababu mazoezi huimarisha mishipa. Shule ya bweni iwe na mahali pa baridi pa kuhifadhi insulini.

Nne, nyumbani. Moshi wa sigara huumiza utando uleule unaoumizwa na sukari, hivyo tusivute karibu na mtoto. Familia nzima ile dona, maharage na mboga za majani pamoja naye, na soda zipungue kwa wote. Tuombe dua na sala, lakini asitokee mtu wa kumshawishi mama aache sindano. Kuacha insulini kunaua.

Katika mkutano ujao wa kijiji au mtaa, simama uulize: watoto wangapi hapa wana kisukari? Nani anawapima presha, macho na mkojo? Bajeti yetu imewatengea nini? Kama wewe ni mjumbe wa kamati ya usimamizi wa kituo cha afya, majibu hayo yaingie kwenye muhtasari wa kikao. Tusingoje tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani, ndipo tuwakumbuke. Watoto hawa hawana kura wala jukwaa. Sauti waliyonayo ni yetu, basi tuitumie mwaka huu, mishipa yao ikiwa bado mizima.