Mwacha Asili ni Mtumwa



Katika majumba yetu hapa pwani wamo kina mama wasiozaliwa karibu na bahari. Waliletwa na ndoa au kazi, wakazoea tui la nazi na lafudhi yetu, hata watoto wao hawajui tena kwao mama ni wapi. Wiki hii tunawazungumzia hao, kwa kisa cha safari ya Ndhiwa, katika kaunti ya Homa Bay.

Wenzetu wawili walikulia huko, wakasilimu walipoolewa Mombasa. Mmoja wao alikaa miaka mingi bila kurudi, akizuiwa na hofu: Watanipokeaje? Nitakula nini kwao? Likizo iliyopita tuliwasindikiza, pamoja na waume zetu na watoto.

Tuliondoka Kisumu asubuhi kwa gari la kukodi, tukapita Ahero na Katito, hata Ziwa Victoria likatutokea kuliani. Karibu na Kendu Bay tulisimama kutazama Simbi, ziwa dogo la mviringo. Wazee husimulia kuwa hapo palikuwa na kijiji. Bibi kizee mgeni alifika wenyeji wakiwa karamuni. Wakamfukuza, isipokuwa mwanamke mmoja aliyemkirimu. Usiku ule maji yakakimeza kijiji. Watoto walinyamaza kimya. Mwenzetu alikisikia kisa hicho utotoni kwa mama yake mkubwa, na huyo ndiye tuliyekuwa tukimwendea.

Baada ya mji wa Homa Bay na kilima cha Asego kilichochongoka, barabara huliacha ziwa, ikapita Rodi Kopany na kuingia katika mashamba ya miwa ya Ndhiwa. Upande wa magharibi limelala bonde la Lambwe na Hifadhi ya Taifa ya Ruma, yenye swala wakubwa waitwao korongo, ambao hawapatikani kwingine nchini Kenya.

Bibi alikuwa mlangoni. Alituandalia samaki wa ziwani, ugali na mnavu. Kisha akaleta kuku hai, akamkabidhi mwenzetu: "Mwanangu, huyu mchinje nyinyi wenyewe kwa desturi yenu." Kumbe alikwenda sokoni mapema kuwauliza Waislamu wanakula nini. Adhuhuri ilipoingia, akatutandikia mkeka chumbani mwake na kuwahimiza wajukuu wasipige kelele. Hofu ya miaka mingi iliyeyuka kwa siku moja.

Kesho yake tulivuka hadi kaunti ya Migori, tukaona Thimlich Ohinga, maboma ya mawe yanayokadiriwa kujengwa karne ya 16, ambayo UNESCO iliyaingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kuta zake, nyingine zikizidi mita 4, zilijengwa bila saruji wala udongo. Jiwe hushikwa na jiwe mwenziwe. Kijana wetu wa miaka kumi akauliza, "Hawa waliojenga ni babu zangu?" Mama yake akajibu kwa fahari kuwa ni urithi wa nchi ya kwao.

Bibi Asmaa binti Abubakar alipomuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama amuunge mama yake aliyekuwa bado mshirikina, alijibiwa kuwa amuunge. Basi tofauti ya dini si udhuru wa kukata udugu.

Dada zangu, likizo hii pangeni safari. Pigeni simu mapema, waelezeni wenyeji kwa upole mnachokula na msichokula. Chukueni sukari, majani ya chai na sabuni, msiende mikono mitupu. Muwafundishe watoto maamkizi ya huko, na sala za msafiri. Nendeni wazee wakiwa bado hai, kwani barabara itabaki, lakini mwenye kusimulia hatabaki.

Wabillahi tawfiq.