GUTA LA USHIRIKA LIMELALA, NANI ALAUMIWE?

Ndugu wanachama,
Guta letu limelala wiki ya tatu sasa kwa ajili ya tairi moja la mbele. Mahindi ya watu yako ghalani, na mama mjamzito amepelekwa zahanati kwa baiskeli! Hatukubali.

Ndugu waliotumwa mjini walirudi na tairi la bajaji, 4.00-8. Rimu yetu ni 12! Safari ya pili wakaleta 4.50-12, saizi sawa, lakini kuukuu, kipara kabisa, tena limechanika ubavuni. Eti bei poa. Jamani, tairi la mbele ndilo linaloshika njia. Likipasuka mteremkoni na magunia nyuma, guta linapinduka na dereva wetu.

Namba zimeandikwa ubavuni mwa tairi: 4.50 ni upana kwa inchi, 12 ni rimu. Ziko na tarakimu nne za tarehe. 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Kisomo cha watu wazima tulikisoma cha nini, kusainia posho tu?

Jumamosi tunataka risiti mezani. Atakayetumwa tena abebe lile tairi bovu mpaka dukani, alinganishe kwanza, ndipo atoe pesa ya wanachama.

Katibu wa Tawi