Chatu wa Kufugwa na Amana ya Visiwa

Binadamu amefuga mbwa, paka, kuku na ng'ombe tangu zama za kale, wala hapana aliyeona ajabu. Lakini katika miongo ya karibuni imeenea katika miji ya Marekani na Ulaya ada ya kufuga chatu ndani ya nyumba, si kwa nyama wala kwa ngozi, bali kwa pumbao. Na waliofuga wakaingia katika kuzalisha na kuuza. Wapo wanaolichukulia jambo hili kuwa ni mzaha wa watu wenye fedha za kuchezea. Sisi hatuoni hivyo. Ni jambo linalovigusa visiwa kuliko linavyoigusa bara, na ndiyo sababu leo tunalitolea rai.

Insafu yatutaka kwanza tuwape wafugaji hao haki yao. Chatu hana sumu, hana kelele, na hula mara chache. Anayependwa zaidi ni chatu mdogo wa Afrika Magharibi, ambaye aghalabu hazidi mita moja na nusu, na ambaye akiogopa hujiviringa kama mpira na kukificha kichwa chake katikati. Katika bustani ya wanyama ya mji wa St. Louis, Marekani, jike mmoja wa aina hiyo, anayekadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 60, alitaga mayai saba mwaka 2020, ilhali hakuwa amekaribiana na dume kwa zaidi ya miaka 15. Mwenye kushuhudia jambo kama hilo hana budi kustaajabu.

Tena kuna furaha ya kumwona mama akijikunja juu ya mayai yake. Nyoka wengi hutaga wakaenda zao, lakini chatu hubaki akiyalinda. Mwaka 2018 zilitangazwa habari za utafiti uliofanywa Afrika Kusini kuhusu chatu wa kusini mwa Afrika, nao ulionyesha kwamba jike hutoka shimoni kuota jua, hurudi kuyapa mayai joto lake, na baada ya watoto kuanguliwa hukaa nao kiasi cha wiki mbili. Muda wote huo hali chakula, na hupoteza sehemu kubwa ya uzito wake. Hii ni ibra kwa wale wanaodhani kwamba nyoka hana ila uadui.

Lakini mlango huo wa furaha una kizingiti. Mayai ya chatu yanayoatamishwa kwa chombo hutaka joto la kiasi cha nyuzi 31 au 32 kwa muda wa siku 55 hadi 60. Joto likizidi au likipungua, au unyevu ukikosekana, juhudi yote ya msimu hupotea. Chatu aliyekamatwa porini aweza kukataa chakula kwa miezi mizima, na huja na kupe na minyoo. Wapo wafugaji waliokazania rangi na madoa ya ajabu kwa tamaa ya bei, wakazalisha ukoo mmoja ambao kichwa hutetemeka na mnyama hashiki mwelekeo wake sawasawa. Na kila rangi mpya huuzwa ghali mwanzoni. Kisha wote huizalisha, bei ikaanguka, na mwenye mabanda yaliyojaa asijue awapeleke wapi.

Hapo ndipo hasara ya mtu mmoja inapogeuka kuwa hasara ya umma. Chatu wa Burma hununuliwa akiwa mdogo wa kushikika mkononi, naye akikua aweza kupita mita tano. Mwenye nyumba akimchoka humwachia kichakani, au mnyama hutoroka mwenyewe. Katika jimbo la Florida, chatu hao walithibitishwa kuwa wanazaliana katika kinamasi cha Everglades mwaka 2000. Utafiti uliotolewa mwaka 2012 ulionyesha kwamba idadi ya rakuni walioonekana katika maeneo yaliyovamiwa kwa muda mrefu ilikuwa imepungua kwa zaidi ya asilimia 99. Mwezi Desemba 2021 alikamatwa jike mmoja wa kilo 98, na ndani yake yakakutwa mayai 122 yaliyokuwa yakikua. Serikali ya Marekani ilipiga marufuku uingizaji wa chatu huyo mwaka 2012, pamoja na chatu wakubwa wa Afrika. Na jimbo la Florida likazuia kumzalisha kwa biashara mwaka 2021. Hatua hizo ni njema, lakini zilikuja wakati nyoka wamekwisha kuenea.

Ikiwa hayo yamelifika taifa lenye mali na wataalamu kiasi hicho, kisiwa kitakuwaje? Jawabu liko Gran Canaria, kisiwa cha Hispania. Huko nyoka wa kufugwa kutoka California, ambaye hata si mkubwa, aliponyoka akazaliana porini. Mijusi wakubwa ambao kwa asili hawapatikani popote ila kisiwani humo wamepungua kwa zaidi ya asilimia 90 katika maeneo aliyoyavamia. Mnyama wa kisiwani hana pa kukimbilia. Bahari imemzunguka pande zote.

Lakini kwa nini twende mbali? Kunguru tunaowaona kila asubuhi juu ya mapaa yetu waliletwa Unguja kutoka India katika miaka ya 1890, kwa nia njema ya kusafisha takataka za mji. Leo hii hula mayai na makinda ya ndege wetu, hunyakua vifaranga vya wananchi, na kampeni za kuwapunguza hazikuwamaliza. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sisi tumekwisha kuumwa na kunguru. Itakuwa aibu tusishtuke tukimwona nyoka mwenyewe.

Kwa hiyo tunatoa rai zifuatazo. Kwanza, maofisa wa bandari na viwanja vya ndege wawe na hadhari kubwa juu ya nyoka wa kigeni, awe wa kuuzwa au wa pumbao la mgeni, kwani chatu mchanga huweza kufichwa katika mfuko mdogo. Chatu wote wamo katika orodha za mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, mkataba ambao Tanzania iliuingia mwaka 1979, na hapana chatu anayeweza kuvuka mpaka kihalali bila ya hati. Pili, anayetaka kuwaonyesha watoto wetu nyoka kwa ajili ya elimu afanye hivyo kwa kibali, katika banda imara linalokaguliwa, na kwa nyoka wa papa hapa. Tatu, vijana wasishawishiwe kukamata chatu wa porini kwa ahadi za fedha za haraka. Serikali ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, na funzo la marufuku ile lisisahauliwe.

Mwisho, tunawaomba wananchi wasiyachukue maneno haya kuwa ni ruhusa ya kumpiga panga kila chatu anayekatiza shambani. Chatu wa kwetu si mgeni. Hula panya wanaoharibu mazao yetu, na kama amemchukua kuku au mbuzi, dawa yake ni banda madhubuti na taarifa kwa wahusika wa misitu. Tunayemkataa ni yule wa kuletwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu bado ni mwembamba, na udongo wa kuuziba tunao mikononi.