Wapiga picha wa Bomet, washeni GPS!

Haya, leo tuzozane kidogo. Nimechoka kusikia wapiga picha wenzangu, hawa tunaopiga kwa kujifurahisha tu, wakisema kwamba kuwekea picha alama ya mahali ilipopigwa ni kazi bure. "Mimi najua nilipopiga," ndivyo wanavyojitetea. Jamani, mnajua leo. Ngojeni miaka kumi.

Kwa kuwa kazi yangu ni kuandika programu, niruhusuni niifungue faili kwanza. Ndani ya picha ya JPEG kuna sehemu iitwayo EXIF. Humo kamera huandika tarehe, saa, lenzi na mipangilio ya mwanga. Kuna pia nafasi za latitudo, longitudo na mwinuko kutoka usawa wa bahari. Ukizijaza zote, hazichukui hata kilobaiti moja. Kwa hiyo picha yako ya megabaiti 8 haitanenepa. Nafasi ipo tayari, nawe unaiacha tupu. Kwa nini?

Watu huniambia, si naandika jina la mahali? Sawa, tuone majina ya hapa kwetu. Picha iliyopigwa Bomet mwaka 1990 na kuandikwa "Wilaya ya Kericho" haina kosa lolote, kwa sababu Bomet ilimegwa kutoka Kericho mwaka 1992. Konoin ilikuwa Buret, na tangu kaunti zianze kazi mwaka 2013 iko Bomet. Mashamba makubwa ya chai nayo hubadilisha wenyewe. Yale ya James Finlay yalikwenda kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka mwaka 2023, kwa hiyo anayeandika "shamba la Finlay" anamsumbua mjukuu wake. Na vilima je? Kapkoros ni jina linalotokana na mahali pa ibada ya kale ya Wakipsigis, na watu wenye vilima vingi hivi hawakuabudu kwenye kimoja tu. "Machweo, Kapkoros." Asante sana, sasa niende wapi?

Lakini sababu yangu kubwa ni mto. Nyangores hushuka kutoka msitu wa Mau, huanguka pale Tenwek, hupita mjini Bomet, kisha hukutana na Amala na kuwa mto Mara, ule wa nyumbu ambao watalii huvuka bahari kuja kuutazama. Kila mtu hapa mwenye simu ameyapiga picha maporomoko ya Tenwek. Na kila mtu ana maoni: maji yamepungua, maji hayajapungua, miti ya kingo imekwisha, miti ilikuwa hivyo hivyo. Picha tunazo tele, lakini ukitaka kuzitumia kama ushahidi, nyingi hazisaidii kitu, kwa maana hakuna ajuaye mpigaji alisimama wapi. Mmoja alisimama juu ya mwamba, mwingine chini kwenye ukungu, na tunalinganisha kama kwamba ni macho yale yale. Kupungua kwa barafu ya Mlima Kenya kulionyeshwa kwa picha za zamani na mpya zilizopigwa kutoka sehemu ile ile. Simu ya kawaida, mahali peupe, hukosea kama mita 5 hivi. Baadhi huandika pia zilikuwa zimeelekea upande gani. Mtu akiwa na hayo mawili pamoja na tarehe, anaweza kurudi Tenwek mwaka 2040 na kusimama ulipokuwa wewe. Hatahitaji kukuuliza, na huenda usiwepo wa kuulizwa.

Sasa wale wa usalama. Hawa wana hoja, tena nzito. Desemba 2012 John McAfee, yule wa programu za kuzuia virusi, alikuwa mafichoni, na jarida la Vice likatoa picha yake ambayo EXIF yake ilionyesha wazi kwamba yuko Guatemala. Na hapa kwetu, msitu wa Mau ya kusini magharibi ni mojawapo ya sehemu chache ambamo bongo wa milimani bado anaishi porini, na wote waliobaki hawafiki mia. Ukimpiga picha bongo ukaibandika mtandaoni pamoja na mahali halisi, umemchorea jangili ramani. Picha ya mtoto mlangoni mwa nyumba yenu ni hivyo hivyo.

Ila ndugu zangu, tutenganishe mambo. Kuandika mahali ni jambo moja, kutangaza mahali ni jambo lingine kabisa. McAfee hakuumbuliwa na picha iliyokaa kwenye simu, aliumbuliwa na picha iliyochapishwa. Weka nambari zote kwenye picha ya asili, uifungie kwenye diski yako. Nakala ya kutoa nje isafishe. Programu ya bure ya ExifTool, ya Phil Harvey, hufanya hivyo kwa mstari mmoja: exiftool -gps:all= picha.jpg. (Itakuachia faili ya zamani yenye _original mwishoni mwa jina. Usije ukatuma hiyo!) Na ukitaka watu wajue eneo bila kujua mlango, kata nambari zibaki mbili baada ya nukta. Hapa karibu na ikweta hiyo ni kama kilomita moja. Tovuti ya iNaturalist huficha zaidi ya hapo: wanyama walio hatarini huwekwa popote ndani ya mraba wa digrii 0.2, yaani kama kilomita 22 kila upande.

Jingine, weka mahali ndani ya faili yenyewe, si kwenye tovuti ya mtu. Waliobandika picha zao kwenye ramani ya Panoramio, bila kuandika chochote ndani ya faili, walibaki na mafaili matupu nyumbani ilipofungwa mwaka 2016. WhatsApp nayo hung'oa EXIF ukituma picha kwa njia ya kawaida, kwa hiyo picha uliyotumiwa huko si ya kuhifadhi kama ya asili.

Kuhusu bando: GPS haili bando. Simu husikiliza setilaiti tu, kama redio. Data husaidia kuzipata haraka, basi. Kama kamera yako haina GPS, acha simu mfukoni irekodi njia yako katika faili ya GPX, halafu ExifTool italinganisha saa. Angalia tu kwamba GPX huandika saa za UTC, nasi tuko saa 3 mbele. Programu isipojua hivyo, picha ya Bomet itaangukia ulipokuwa saa 3 kabla au baada. (Na kamera isitegwe kwa saa ya Kiswahili, tafadhali. Saa mbili asubuhi ni 08:00.)

Kwa wanaoandika programu: EXIF huhifadhi latitudo bila alama ya kutoa, na kusini huandikwa pembeni kwa herufi S. Ukisoma nambari ukaisahau herufi, picha ya mjini Bomet, 0.78 kusini, itaruka ikweta hadi upande wa Moiben, kaskazini ya Eldoret, kilomita 170 hivi kutoka ulipoipiga. Na kwa kuwa huko nako ni mashamba na kijani kibichi, hakuna atakayeshtuka. Kwa hiyo jaribuni programu zenu kwa picha ya Bomet na moja ya Eldoret kabla ya kuwapa watu. Skripti yangu ya kukagua S hizo nitaiweka hapa wiki ijayo.